Kilwa Kisiwani haikuishia mwaka 1505

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme habari za kijiji changu. Mimi ni nahodha. Mashua yangu huvusha watu na mizigo kati ya gati la Kilwa Masoko, mji wa bara, na kisiwa chetu cha Kilwa Kisiwani, kazi aliyoifanya baba yangu kabla yangu. Gazeti lako hushuka Masoko na basi la Dar es Salaam. Wenye maduka wakishalisoma hutufikia sisi wa majini, nasi hatulitupi mpaka limepita mikononi mwa kila anayejua kusoma. Kwa hiyo nimekuwa nikiona jinsi kwetu kunavyoandikwa, na hicho ndicho kilichonisukuma kushika kalamu.

Kila baada ya muda hutoka makala juu ya Kisiwani, katika gazeti lako na katika mengine, na karibu yote hupita njia ile ile. Huanza na msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 akausifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Hufuata dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Kisha ni Julai 1505, Mreno Francisco de Almeida anaingia na merikebu zake, mji unaporwa, na makala yanakwisha. Chini yake huwekwa picha ya Msikiti Mkuu na matao yake, hamna hata mtu mmoja ndani. Msomaji wa Mwanza au Arusha akimaliza kusoma atadhani kisiwa kizima ni mawe na popo.

Ndugu Mhariri, sisi tupo. Kilwa Kisiwani ni kijiji. Tuna mwenyekiti na ofisa mtendaji, tuna shule ya msingi, tuna misikiti tunayoswali kila siku, tuna makaburi tunayozika hadi leo. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo, nyingine za mawe, paa za makuti na za bati, na baadhi zimesimama hatua chache tu kutoka kwenye kuta za kale. Mtoto akitumwa dukani hupita penye ukuta wa karne nyingi na hana habari nao. Huyo mtoto hamjapata kumwandika.

Msinielewe vibaya. Sifa za zamani nazipenda kuliko wanaoziandika, maana ni za kwetu. Hapa zilifuliwa sarafu za shaba zenye majina ya masultani. Moja ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, na tano ziliokotwa na askari mmoja mwaka 1944 kwenye ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mimi mtu wa tanga, habari hiyo ikinijia usiku sipati usingizi: ilikuwa kwa upepo gani, na chombo cha nani? Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba hapa miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, akatoa kitabu chake mwaka 1974. Babu alikuwa akisema kazi ilikuwa kuondoa udongo kwa kisu na brashi kama mtu anayemparua samaki asiyetaka kumchana ngozi. Jina la Chittick linajulikana dunia nzima. Walioinama juani kwenye yale mashimo walikuwa watu wa vijiji hivi, na majina yao tunayajua sisi watoto na wajukuu peke yetu.

Sasa niulize jambo linalonikaa rohoni: Almeida alipomaliza kupora, nani aliamka kesho yake?

Wareno wenyewe hawakukaa. Walijenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha wakaenda zao. Waliobaki ni watu wa kisiwa. Mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka bara kusini. Masimulizi ya Wareno yanasema walivuka usiku maji yalipokupwa, wakiongozwa na mtu wa hapa hapa aliyewaonyesha kivuko, wakaua watu wengi sana. Hata baada ya hapo watu walirudi. Tungekuwa kweli tumekwisha mwaka 1505, ile Makutani ingejengwa na nani? Makutani ni jumba kubwa lenye boma la kuta nene, na sehemu kubwa yake ni ya karne ya 18. Wageni huliona, hupiga picha, lakini nimesikia kwa masikio yangu mwongozaji akiwaambia kwamba yote ni ya enzi ya dhahabu. Amekosea kwa karibu miaka 400.

Na karne hiyo ya 18 ina habari nzito ambayo makala huiruka. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Ilikuwa hapa hapa, katika bandari hii ninayofunga mashua. Baadaye biashara hiyo ilihamia zaidi Kilwa Kivinje, mji ulioko bara kaskazini yetu, misafara ikishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa. Najua kuna wanaoona aibu kuyasema haya mbele ya wageni. Mimi naona tunawadhulumu waliopitishwa hapa tukiishia kwenye porselini na dhahabu. Wazee wetu walikuwapo, wengine wakiuza, wengine wakiuzwa, na ukoo mmoja wa leo unaweza kuwa na babu wa pande zote mbili.

Waomani walipoishika pwani waliisimamisha tena ngome ya ufukweni juu ya mabaki ya ile ya Wareno, ndiyo hii tunayoiita Gereza, yenye mlango wa mbao ulionakshiwa. Sultani wa mwisho wa Kilwa alitolewa hapa miaka ya 1840 akapelekwa Muscat. Basi, kwa waandishi hapo ndipo pazia linapofungwa kabisa. Kwetu hapo ndipo kijiji kinapoanza kuwa kijiji: hakuna sultani, hakuna forodha, Kivinje imechukua biashara, na baadaye Masoko imechukua wilaya. Watu waliobaki wakalima mtama na mihogo, wakapanda minazi, wakavua, wakakata boriti, wakasomesha watoto Kurani. Ni vizazi vingi hivyo, na si kwamba hawana historia. Hawana aliyeiandika.

Hata mwanzo wetu unasimuliwa nusu. Makala husema mji ulianzishwa na Ali kutoka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Sawa. Lakini katika masimulizi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kisiwa kilikuwa na wenyewe, na mkubwa wao aliitwa Mrimba. Mgeni alikuja na mali, akaomba kukaa, akamwoa binti wa Mrimba, kisha akamwambia mkwewe ahamie bara. Mrimba akataka atandikiwe nguo kutoka kisiwani hadi bara atembee juu yake. Bibi zetu walitusimulia hivyo kabla hatujajua kusoma. Chittick naye alikuta chini ya mawe mabaki ya kijiji cha nyumba za udongo, watu wakifua chuma na kuvua, kilichoanza mnamo karne ya 9, kabla ya masultani wowote. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba uliopima mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo, na mji mmoja wa bara. Ulionyesha kwamba asili ya upande wa mama ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Afrika, na ya upande wa baba kwa sehemu kubwa ya Uajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilimkumbuka yule binti. Wanaposimulia ndoa ile hutajwa bwana na hutajwa baba mkwe, yeye jina lake halisemwi. Kumbe sisi wote tunatoka kwake.

Nije kwenye maisha ya leo, maana hapo ndipo ninapotaka macho yenu yafike.

Maji yanapokupwa siku za bamvua, mnamo saa nne asubuhi, miamba inakuwa wazi na wanawake wanashuka. Ukitazama kwa mbali utadhani wanatembea tu. Mmoja wao ni dada yangu mkubwa, na nimemfuata mara nyingi nijifunze jicho lake. Hatafuti pweza, anatafuta nyumba ya pweza: tundu lenye makombe na maganda ya kaa yaliyorundikwa mlangoni, na mchanga uliosafishwa karibu yake. Huingiza mchokoo wa kwanza, fimbo ya kuchokolea, taratibu mpaka pweza aukamate. Akishaukamata hamvuti, humwacha auzoee, ndipo huingiza wa pili kwa nyuma. Pweza akitoka, dada humgeuza kichwa nje ndani kwa mkono mmoja, haraka, kabla hajajizungusha kwenye kiwiko, kisha humpigiza juu ya mwamba. Mwanamke mwenye jicho baya hurudi na ndoo tupu katika mwamba huo huo. Mnunuzi husubiri dikoni na mzani wake, na bei anaijua yeye. Pweza huyo huenda mbali, hadi ng'ambo za watu, na dada yangu hajawahi kuambiwa anauzwa kiasi gani huko.

Anasema pweza wamekuwa wadogo kuliko alipokuwa msichana. Wenzetu wa kisiwa cha Songosongo wamejaribu kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, ndipo wanaifungua, na waliovua siku ya kufungua wanasimulia kwa furaha. Hapa mjadala huo huja na kuondoka kwenye mikutano ya kijiji. Mimi nauunga mkono, ila najua anayesema "tufunge" lazima aseme na mama mwenye watoto wanne atapika nini miezi hiyo.

Wanaume wanavua kwa mshipi, kwa nyavu na kwa madema. Tuliteswa miaka mingi na wapigaji baruti. Nilikuwa nikisikia mshindo nikiwa katikati ya mkondo, na ubao wa mashua unatetemeka chini ya miguu. Msako wa miaka ya karibuni umepunguza sana uovu huo, na namshukuru kila aliyehusika. Mwamba uliopigwa unabaki kifusi, haurudi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Mashua yangu yenyewe ingetosha kuwa makala. Asubuhi hubeba samaki na wanafunzi wanaosoma ng'ambo, viatu mkononi na suruali imekunjwa hadi magotini. Kurudi hubeba unga, sabuni, saruji, mabati. Hubeba harusi na ngoma zake. Hubeba mjamzito usiku, na hapo nahodha husahau nauli na hutazama upepo tu, maana kusi likiwa kali mkondo wa kati hauchezewi. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 tulivivuta vyombo juu. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, magari yakakwama siku kadhaa, na kisiwani tukajua siku ile kwamba sisi ni mwisho wa mnyororo mrefu kuliko tulivyodhani.

Juu ya magofu yenyewe nina mengi. Mwaka 1981 Kisiwani pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2004 tukaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini: kuta zilikuwa zikianguka, miti ikipasua mawe, na bahari ikila ufuko karibu na Gereza na Msikiti wa Malindi. Mwaka 2014 tukatolewa kwenye orodha hiyo. Katika kazi ile ya ukarabati wamo vijana wa hapa waliojifunza kuchoma chokaa ya matumbawe kama ya wazee, kwa sababu saruji ya dukani hailingani na ukuta wa kale, huukaza kisha ukapasuka. Fundi akikuonyesha ukuta alioushika yeye husimama wima kidogo. Ilipandwa mikoko pia kuzuia mawimbi. Wanaoiangalia mikoko hiyo isikatwe ni sisi tunaoishi nayo, tunaojua nani anahitaji boriti na wapi anaweza kuzipata bila kuumaliza ufuko.

Tunaishi na sheria kutokana na mawe hayo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na inazuia mtu kuchimba au kujenga ovyo penye mabaki. Hatuikatai. Mtu wa Kisiwani akichimba choo anaweza kukuta vigae vya vyombo vya China, na wengi wetu tunajua kwamba hapo lazima usimame, uende ofisini ukaseme. Linaloniuma ni kwamba mzigo huo tunaubeba kila siku na katika masimulizi hatutajwi hata mara moja. Niliwahi kuvusha kundi la wageni na mwongozaji wao aliyetoka nao mjini. Katikati ya maji mgeni mmoja aliuliza kwa Kiswahili kizuri tu: wale watu wanaoishi pale ni kina nani? Akajibiwa kwamba ni wavuvi waliohamia baadaye, hawahusiani na mji. Nilikuwa nimeshika usukani, abiria ni abiria, nikanyamaza. Tulipofika nilimwomba yule mgeni asalimiane na mzee mmoja aliyekuwa akisuka dema chini ya mkungu. Walizungumza mpaka wenzake wakaanza kumwita.

Miaka hii ya karibuni meli za watalii hutia nanga bandarini kwetu, na siku hiyo kijiji hujaa watu wenye kofia pana. Nafurahi, sisi watu wa vyombo tunapata riziki, na akina mama huuza ukili na maandazi. Lakini wageni hufuata njia ya magofu mwanzo mwisho, hukaa saa mbili, huondoka. Kijiji kwao ni kitu cha kukipita.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo na linawezekana. Mtume mwandishi alale hapa. Awakalie wazee chini na kinasa sauti: waliochimba na Chittick walikuwa vijana miaka 60 iliyopita, hesabu yake kila mtu anaijua. Aulize majina ya mitaa, ya visima, ya miamba, kwa maana kila mwamba una jina na jina lina kisa. Aulize nani alihamia kutoka Songo Mnara na nani alikwenda Kivinje akarudi. Ayaandike kwa Kiswahili, yawekwe shuleni, watoto wetu wayasome pamoja na yale ya Husuni Kubwa. Kwa wanaosimamia mapato ya wageni nina ombi pia: taarifa ya kinachopatikana na kinachobaki kijijini isomwe wazi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambapo kila mwenye umri wa miaka 18 ana haki ya kuketi na kuuliza. Na waongozaji wanaotoka nje ya kisiwa wafuatane na kijana wa hapa, alipwe, naye aseme ya kwao.

Mwandishi akija asije siku za maji mafu, hataona wanawake miambani. Apange karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, awe Masoko jioni ya siku moja kabla, avae viatu vya kulowana. Aulize gatini mashua iendayo Kisiwani. Nauli yake ya kwenda na kurudi ni juu yangu, na kitanda kipo kwa dada.

Wako,
Nahodha wa mashua,
Kilwa Kisiwani